Lenzi Yapigwa Nyungu

Kijiwe cha Siti ya Nyuma kiko Sombetini, ubavuni mwa sehemu ya kuoshea magari, na jina lake halina siri: benchi lenyewe ni siti ya nyuma ya gari la watalii lililochoka na mabonde likachinjwa vipande. Springi moja imetokeza, na kila mwenyeji anajua asikalie wapi, mgeni ndiye huambiwa, "Karibu, kaa hapo hapo." Mbele ya siti kuna jiko la mkaa la Sefu, juu ya jiko birika, pembeni ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe ambayo hubadilishwa mvua ikinyesha. Kahawa ya hapo ni chungu, kashata zake ni ngumu, na hoja zake ni laini, unazikunja utakavyo. Jumamosi hiyo alasiri Lesikar alifika na bunda la nailoni kalibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu, na siti nzima ikajua kwamba leo kahawa itanyweka.

Lesikar ndiye anayeosha magari ya watalii hapo jirani. Kijiweni wanamwita Fokasi. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kamera yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai, shukrani kwa kuokotewa pasipoti chini ya siti, na tangu hapo Lesikar hajamaliza sentensi bila hilo neno fokasi, la kulengesha picha. Akinunua nyanya anaangalia fokasi. Akimsifia msichana anamwambia ana uso wenye fokasi. Alikuwa mpiga picha kwa kila kitu isipokuwa picha. Ukimuuliza mbona kamera haionekani, anakujibu kwamba Arusha ina vumbi, na vumbi analijua yeye anayelitoa kwenye magari kila siku. Kitu kama kile hakitolewi kwa kila kipaimara cha jirani. Kinasubiri kazi yake.

Na kazi yake ilikuwa imefika. Kesho yake, baada ya ibada, ukoo ulikuwa unakusanyika Olmotonyi kumfanyia shukrani bibi yake, ambaye wakubwa kwa wadogo wanamwita Koko. Umri wa Koko hakuna anayeujua. Wamekubaliana ni miaka tisini ili keki ipate cha kuandikwa. Picha yake ni moja tu duniani, ya kitambulisho, na humo anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Kwenye kikao cha familia Lesikar alisimama, akanyoosha ukosi wa shati, akasema, "Mpiga picha msimtafute. Yupo." Sasa huyo "Yupo" alikuwa ametoka kulifungua bunda lake kwa mara ya kwanza tangu alifunge, akaona alichokiona, na hakujua aende wapi. Mtu asiyejua aende wapi huenda kijiweni.

— Shikamoo, Mzee Balozi.

— Marahaba, Fokasi. Umebeba nini, mwanangu? Paka kafa?

Mzee Balozi, kwa jina la kuzaliwa Saadi, alikuwa dereva wa watalii kabla magoti hayajamstaafisha. Zamani sana aliwahi kumwendesha balozi mmoja kutoka mjini hadi kreta ya wanyamapori. Safari ile imeendelea kurefuka kila mwaka. Kwa simulizi za sasa wamekwisha vuka Misri.

Lesikar alikaa, akafungua nailoni, akafungua kitambaa, akaiinua lenzi juani, kamera yenyewe kaiacha nyumbani. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzinyuzi nyeupe, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati kama mizizi ya kiazi kilichosahaulika jikoni.

— Duh! Chalii wangu, humu amehamia buibui.

Huyo ni Yoeli, dereva wa bodaboda. Wanamwita Fulu, kwa sababu taa yake huwaka fulu hata saa sita mchana.

— Sio buibui, alisema Frederick kwa sauti ya hospitali. Hiyo ni kuvu.

Frederick anatembeza miwani ya kusomea kwenye ubao wenye misumari, na wateja wake hupimwa macho kwa kusoma maandishi ya chupa ya soda. Anaitwa Dokta Macho. Hajawahi kukataa.

— Kuvu imeingiaje, aliuliza Lesikar, na mimi nimeitunza kinoma? Niliifunga na kitambaa cha kukaushia magari, kile laini.

— Kikavu? aliuliza Sefu, huku akimimina.

— Kikikauka si kinakuwa kigumu kama ubao? Kingekwaruza kioo. Nilikiacha na unyevunyevu wake. Juu yake nailoni. Juu ya nailoni tepu, vumbi lisipite hata la kusingiziwa. Halafu kabatini kwa mama, Olmotonyi, chini ya mablanketi.

— Hapo hukukosea, alisema Balozi. Kinga ni bora kuliko tiba.

— Na kule kuna baridi, Sefu akaunga mkono. Baridi inahifadhi. Angalia samaki wa kwenye friji.

Wote wakakubaliana kwamba utunzaji ulikuwa wa hali ya juu. Hakuna aliyejiuliza ule umande wa Mlima Meru wa kule Olmotonyi, unaolowesha kiberiti mfukoni na kugandisha chumvi kwenye kopo, ungeshindwaje kukikuta kitambaa kibichi ndani ya nailoni na kufanya nacho maisha.

— Sasa kesho mchana Koko anakalishwa mbele ya watu, alisema Lesikar. Nifanyeje?

Ndilo kosa. Kijiweni huulizi "nifanyeje" kama hujajiandaa kufanyiwa.

Fulu alikuwa wa kwanza.

— Dawa ya meno. Ile nyeupe, sio ya jeli. Njoo uone taa yangu pale. Ilikuwa na ukungu mpaka abiria wakawa wananiuliza kama naona. Nikaisugua dawa ya meno dakika kadhaa, leo nikiwasha, ng'ombe anafumba macho.

— Taa yako ni plastiki, alisema Lesikar. Hii ni kioo.

— Kwani meno yako ni plastiki?

Siti ilicheka. Lesikar naye akacheka, lakini akaisogeza lenzi karibu na tumbo.

— Tusikimbilie madawa, alisema Balozi. Mimi kazi hii nimeiona kwa wenyewe. Wageni wangu walikuwa na lenzi za kubebwa na watu wawili. Unajua balozi alikuwa anasafishia nini ya kwake?

— Nini, mzee?

— Mate.

— Mzee!

— Mate ya asubuhi. Ya mtu ambaye hajagusa chumvi. Anaipulizia pumzi hivi, hoo, halafu anatema kidogo, halafu anafuta kwa ncha ya shati. Na alikuwa mtu wa dini.

— Mzee, sasa hivi ni alasiri. Wote hapa tumeshakula chumvi.

— Ndiyo nasema mlichelewa kuniuliza, alijibu Balozi, akaegemea kama mtu aliyemaliza mashahidi wake.

Dokta Macho alikuwa anasubiri wapumbavu wamalize. Alichomoa miwani moja kwenye ubao wake, akaivaa, akaivua, akaivaa nyingine.

— Katika taaluma yetu, hili tunaliona kila siku. Lenzi ni jicho. Jicho likizeeka linafanya ukungu mweupe kwa ndani. Jamani, huo ni mtoto wa jicho. Na mtoto wa jicho hasuguliwi.

— Anafanywaje?

— Kuna upasuaji. Lakini kwa hatua ya kwanza tunasaidia mwanga.

Akachagua miwani ya kusomea, akaipachika mbele ya lenzi, akaifunga kwa raba ya noti, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Lenzi ilifanana na mwalimu wa hesabu aliyestaafu.

— Naona bado inajikaza, alisema Dokta. Tuipe mbili na nusu.

— Dokta, na mgonjwa alimpata wapi huyo mtoto wa jicho? aliuliza Fulu. Hajawahi hata kutoka nje. Alikuwa amelala chini ya blanketi.

— Ndiyo maana. Jicho lisilofanya kazi linajila lenyewe.

Kwa bahati mbaya hili lilikuwa na chembe ya ukweli, na kwa hiyo hakuna aliyelijali.

Lesikar alitazama jua, akaona linaanza kuegemea. Alikuwa anamwona Koko kwa macho ya ndani, kavaa kitenge kipya, mikono magotini, anangoja aambiwe atazame wapi. Alikuwa anamwona mjomba mkubwa naye, yule anayependa kuuliza maswali kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Kulikuwa na sentensi moja ambayo ingemsaidia: "Jamani, mimi hata kuitumia siijui vizuri." Lakini sentensi hiyo kijiweni haina kikombe. Angeitoa leo, kesho angekuwa anaitwa jina jingine.

— Mimi mkinisikiliza, alisema Sefu akichochea mkaa, hamjafika kwenye ugonjwa. Hicho kitu kimeingiwa na baridi. Mtu wa pwani akiingiwa na baridi anafanywa nini?

— Wewe sio mtu wa pwani, Sefu. Umezaliwa hapo Themi, alisema Fulu.

— Babu yangu katoka Pangani. Mtu akiingiwa na baridi anapigwa nyungu. Anafunikwa, anapata mvuke, anatoka jasho, anapona. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.

— Sasa?

— Sasa dawa ya ukungu ni ukungu.

Hata Balozi aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa hoja ambayo hukuweza kuona ilipovunjika, kwa kuwa haikuwa imeunganishwa popote.

— Ila isiguse maji, alisema Lesikar, na ndivyo alivyokubali bila kujua kwamba amekubali.

Waliongeza maji kwenye birika, Sefu akatia tangawizi "ya kufungua kifua". Miwani ya Dokta ikavuliwa. Fulu alivua jaketi lake la bodaboda, zito kwa mafuta na jasho la miaka, wakalitandaza juu ya birika na juu ya lenzi, Lesikar kaishika kwa chini kama mzazi anayemshika mtoto kwenye sindano. Mvuke ukatoka kwenye mikono ya jaketi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndizi alisimama, akauliza nani anaumwa, akaambiwa kamera, akaendelea na safari yake.

— Itoe tuone.

Lenzi ilitoka nyeupe yote, mbele na nyuma, na matone yakiteleza pembeni.

— Jasho hilo! alipiga kelele Sefu. Ugonjwa unatoka!

— Imeshuka homa, alithibitisha Dokta, akiigusa kwa kiganja.

— Sioni kitu kabisa, alisema Lesikar. Mwanzo nilikuwa naona angalau pembeni.

— Mgonjwa kabla ya kupona huzidiwa kidogo, alisema Dokta.

Walingoja ipoe. Ilipopoa, weupe ukaondoka polepole, na zile nyuzi zikarudi mahali pake, zimenawiri. Sasa zilikuwa na kiwingu kipya kwa nyuma yake, kama bibi harusi aliyeongezewa shela.

Hapo ndipo Balozi alipoinamisha sauti, na kijiwe kizima kikainama naye.

— Fokasi, mwanangu. Umeshajiuliza kwa nini yule mgeni aliiacha?

— Alinishukuru, mzee. Nilimwokotea pasipoti.

— Mtu anakushukuru kwa asante. Anakushukuru kwa fulana. Kitu kizima kama hiki anakuacha nacho? Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hebu tazama humo. Havielei hivyo?

— Vinaelea, alisema Fulu.

— Basi vimeundwa. Kiwandani kwao. Mbegu ya kuvu inapandwa humo tangu mwanzo, na tarehe yake. Tarehe ikikaribia, mwenyewe anapanda ndege, anakuachia wewe kaburi.

— Mzee Balozi, alisema Lesikar, na sauti yake ilikuwa imepungua. Yule mtu alinikumbatia.

— Si ndiyo alikuwa anaaga.

Kati ya yote aliyofanyiwa siku hiyo, hili ndilo lililomwingia Lesikar. Mate aliyakataa, miwani aliivumilia, nyungu aliishika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kwamba ile asubuhi moja ambayo yule mgeni alimshika mkono na kumwambia "wewe utaona vizuri zaidi" ilikuwa njia ya kutupa takataka, hilo lilimfanya atake kufanya jambo lolote mradi lifanyike sasa hivi.

Fulu alikuwa na jicho la kumjua abiria aliyekata tamaa ya kupatana bei. Alikwenda kwenye pikipiki, akainua kiti, akarudi na mrija wa dawa ya meno uliokunjwa hadi shingoni.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema.

— Kidogo tu, alisema Lesikar.

— Kidogo ya kuonja. Haba na haba hujaza kibaba.

Akaminya, akasugua kwa pindo la fulana. Duara, duara, kama anayempaka mtoto mafuta ya nazi. Wengine walimzunguka na maelekezo. Balozi alitaka aende kwa mkono wa kulia tu. Dokta alitaka apumzishe mgonjwa katikati. Sefu alitaka dawa iwe na karafuu. Povu jeupe likajaa kioo chote, kukanukia asubuhi ya shule ya bweni, na kwa muda ule mfupi, nyuzi zikiwa zimefunikwa zisionekane, Lesikar alipata matumaini ya kweli. Aliwaza jinsi atakavyosimama mbele ya ukoo, atakavyosema, "Koko, tazama huku."

— Suuza, alisema Fulu.

— Na nini?

Fulu akachota kikombe kwenye ndoo ya Sefu.

Ndoo hiyo tumekwisha kuieleza.

Lenzi ilipokaushwa iling'aa. Iling'aa kama sahani ya bati iliyosuguliwa kwa mchanga na mtu mwenye hasira: miduara myembamba, mingi, mmoja ndani ya mwingine, kutoka ukingoni hadi katikati. Na nyuma ya miduara, tulivu, bila kuguswa wala kushtuka, nyuzi zilikuwa zimekaa.

— Imepungua, alisema Fulu.

— Imepungua sana, alisema Dokta.

— Tatizo hukuzungushia kulia, alisema Balozi.

Ndipo kirikuu kimoja kilipoingia kutoka barabarani, kimejaa viti vya plastiki vyekundu vilivyopandana hadi kuinama, kikasimama mbele ya jiko. Aliyeshuka upande wa abiria ni Naisiae, dada mkubwa wa Lesikar. Alikuwa na kitambaa kichwani na mkono mmoja uliokuwa umeshikilia kamba ya viti tangu mjini.

— Shikamooni.

— Marahaba, alijibu Balozi. Mambo, dada, walisema wengine. Fulu, ambaye mbele ya mwanamke huwa na methali zaidi, aliongeza:

— Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Naisiae alitazama povu chini, mrija, jaketi lililolowa mvuke, miwani yenye raba ya noti. Halafu akatazama mkono wa mdogo wake.

— Mnafanya nini?

— Tunaisafisha, alisema Lesikar. Imeingia kuvu.

Aliichukua, akaiinua usawa wa macho, akaigeuza mara moja.

— Kwani huu uchafu uko nje au ndani?

Sefu aligundua kwamba mkaa unahitaji kupulizwa. Balozi alitazama ndani ya kikombe kikavu. Fulu alikunja mrija uliokwisha kukunjika.

— Hilo, alisema Dokta Macho, linategemea unatazama ukiwa upande upi.

— Nje mlishasugua?

— Tumesugua mpaka basi, alisema Fulu kwa fahari iliyokufa njiani.

— Na bado upo.

— Upo kidogo.

— Sawa, alisema Naisiae, akamrudishia mdogo wake lenzi.

Lesikar aliipokea. Maneno yaliyomtoka safari hii hayakuwa na fokasi ndani yake.

— Dada, kesho sitaweza. Picha za Koko. Nimeharibu. Utamwambiaje mjomba?

— Picha gani?

— Si nilisema nitapiga mimi.

— Aa, alisema Naisiae, akavuta kitambaa chake nyuma, bila haraka, kama mtu anayekumbuka jambo dogo. Kuna kijana wa Ngaramtoni anakuja kupiga. Mjomba alimpigia simu siku ile ile ya kikao.

— Siku ile ile?

— Ulikuwa hujakaa vizuri, yeye ameshatoka nje na simu.

— Na mbona hamkuniambia?

— Ulikuwa unaongea.

Lesikar alikuwa ameogopa tangu afungue lile bunda kwamba ukoo wote unamtegemea. Kumbe kulikuwa na jambo baya zaidi ya hilo, kwamba hakuna aliyemtegemea, na lilikuwa limekaa naye wiki zote hizo likimsikiliza kwa upole.

— Mimi nimepita kukuuliza kitu kimoja, alisema Naisiae. Hivi viti ni vingi, na dereva anasema hashushi. Utakuja kushusha au huji?

Lesikar alitazama viti. Lilikuwa swali rahisi kuliko yote ya siku hiyo, na alikuwa bado hajalijibu Balozi alipojisogeza mbele, akakohoa.

— Viti vya plastiki, mwanangu, havishushwi hivi hivi. Vina hewa katikati. Nilipokuwa na balozi kule Sudani...

— Kwanza vinatakiwa vimwagiwe maji, alisema Sefu. Vikilowa vinaachiana. Akainua birika aonyeshe, akalitikisa. Hakukutoka kitu. Maji yote ya kahawa yalikwisha toka jasho.

— Kwa wataalamu wa mgongo, alianza Dokta.

Lesikar alisimama. Aliiweka lenzi kwenye siti, akapanda nyuma ya kirikuu, akabana mgongo kwenye kabini na kufungua mikono yote miwili kuvizuia viti visianguke. Naisiae alipanda mbele. Gari liliposhtuka kuondoka, viti vilimjia vyote kwa pamoja, akavisukuma vikarudi.

Kabla hawajafika lami alichungulia kati ya miguu miwili ya kiti. Kijiweni walikuwa wameinamisha vichwa pamoja tena. Fulu alikuwa ameshika lenzi, kaigeuza upande wa pili, kizibo cha dawa ya meno kakibana kwa meno. Lesikar angeweza kupiga kelele. Mikono ilikuwa na kazi.